Gari yatetemeka, yatikisika ama yapumua? Kutafuta ugonjwa wa injini gari ikiwa imesimama inaunguruma

Kama unaishi Likoni na kazi yako iko kisiwani Mombasa basi wajua vile gari inakaa kwa foleni ya feri, mguu kwa breki, gia kwa D, AC imewashwa manake bila AC mwezi wa pili huwezi kukaa mle ndani, na hapo ndipo Toyota Fielder yangu ilianza kunitesa. Ikitembea iko sawa kabisa. Ikisimama tu dashibodi inaanza zzzzzz, sarafu kwa kile kishimo cha karibu na gia zinacheza, kioo cha kati kinatetemeka mpaka gari iliyo nyuma unaiona mbili mbili. Nikaenda karakana moja wakaniambia plagi, nikanunua plagi nne. Wapi. Nikarudi wakasema basi ni nozeli, zile za kunyunyiza petroli, zikatolewa zikaoshwa zikarudishwa, bado iko vilevile. Mara ya tatu ndio nikaambiwa sasa tusafishe throto, ule mlango wa hewa wa injini, nikaona hapa tunabahatisha na pesa ni zangu.

Alonitoa hapo ni mzee mmoja fundi kule Changamwe. Boneti hakufungua. Aliniuliza tu, "Mwanangu, gari yatetemeka au yatikisika?" Nikamwambia mzee si yote mamoja. Akasema la, mwenye homa hutetemeka, mnazi ukipigwa na kusi hutikisika, kaa ndani weka mikono kwa usukani unambie ni ipi. Nikakaa nikasikiliza vizuri kwa mara ya kwanza, na kweli yangu ilikuwa inatetemeka, kutikisika hata kidogo haikuwa.

Toka siku hiyo kila mtu akiniuliza kuhusu gari yake namuuliza swali hilo kabla ya lingine lolote, na nimeongeza la tatu, inapumua? Yaani mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda unashuka unapanda unashuka wenyewe na wewe hujakanyaga mafuta. Hayo maneno matatu ni magonjwa matatu tofauti na kila moja lina mahali pake pa kuanza kutafuta.

Kwanini hisia inatofautiana, hesabu yake ni rahisi. Injini ya silinda nne, gari ikiwa imesimama, inazunguka kama mara 700 kwa dakika, na kila mzunguko silinda mbili zinawaka, kwahivyo ni miwako 1400 kwa dakika, kama 23 kwa sekunde moja. Hakuna mtu anaweza kuhesabu 23 kwa sekunde, mwili unasikia mtetemo laini tu, kama simu iliyo kwa vaibreti. Na huo mtetemo upo hata kwa gari mpya, ila mpira wa mauntini (kile kishikizo kinachobeba injini kwa bodi) ndio unaumeza usifike kwako. Sasa silinda moja ikikataa kuwaka hesabu inabadilika, manake kila silinda zamu yake ni mara moja kwa mizunguko miwili, kwahivyo lile pengo linakuja mara 350 kwa dakika, karibu mara 6 kwa sekunde. Hiyo unaisikia kwa kiti, du-du-du-du, gari nzima inayumba, ukitulia waweza karibu kuihesabu. Ndio maana tetemeko laini linakupeleka kwa mauntini na tikiso zito linakupeleka kwa plagi na koili (ile inayoipa plagi umeme wa kuwasha) na ndugu zake.

Kabla hujashika spana fanya haya ukiwa ndani ya gari, injini iwe imepata moto. Weka D ukanyage breki, sikiliza. Weka N (gia huru), sikiliza. Zima AC, washa AC, kila mara angalia mshale. Alafu ukiwa N kanyaga mafuta kidogo mpaka 1500 hivi uone kama inaisha. Kwa Toyota nyingi hizi zetu za injini ya 1NZ mshale ukae kama kati ya 600 na 750 ikishapata moto, asubuhi ikiwa baridi itakuwa juu zaidi ya hapo na ni kawaida, itashuka yenyewe. Andika majibu kwa simu, usiyaamini kichwa chako, manake fundi akikuuliza "inafanya hivyo kwa N pia?" na ukasema "nadhani", hapo ushafungua mlango wa kubahatisha.

Inatetemeka kwa D, kwa N inatulia

Hii ndio ilikuwa yangu. Ikiwa D na umekanyaga breki, injini inataka kusukuma gari na gari imezuiwa, kwahivyo injini inajipinda inaegemea mauntini. Mpira ukiwa mzima unanyooka tu. Ukiwa umekauka, umepasuka, ama umelala, chuma kinagusa chuma na ule mtetemo wote wa 23 kwa sekunde unapanda bodini moja kwa moja mpaka kwa usukani na kiti. Ukiweka N ule mzigo unaondoka, injini inakaa katikati, kimya.

Kwa Fielder, Probox na wenzao, injini imelala kwa upana na mauntini ya upande wa fanibelti, yaani mkono wa kulia ukiwa umekaa kwa dereva, si mpira mtupu, ndani ina maji maji mazito ya kumeza mtetemo. Ikipasuka yanavuja, na ukimulika na tochi ya simu utaona doa jeusi limeteremka kama chai ya rangi iliyomwagika. Yangu ilikuwa hivyo na kila fundi alisimama pale pale mbele yake akaangalia plagi. Nyingine iko upande wa giaboksi chini ya betri, na ingine chini nyuma ambayo wengi hawaiangalii kabisa na ndio inabeba ule msukumo wa kuenda mbele na nyuma.

Jinsi ya kuzipima: weka mawe kwa magurudumu, handbreki juu, mtu unayemwamini akae ndani akanyage breki haswa, boneti wazi, na wewe simama UBAVUNI usisimame mbele ya gari hata kwa sekunde moja. Atie D, arudishe N, atie R. Injini itainama kidogo kila mara na hiyo ni kawaida, lakini ikiruka na kugonga kana kwamba inataka kutoka, mauntini imekwisha. Asikanyage mafuta kwa nguvu kwa jaribio hili, hakuna haja.

Mauntini za ex-Japan mimi siziamini, ni mpira uliokaa kwa gari ingine miaka mingi ukakaa tena kwa kontena na kwa rafu ya duka, na joto letu hili linaumaliza haraka. Na zile za bei rahisi kabisa zingine mpira wake ni mgumu kama soli, unabadilisha na gari inatetemeka kuliko mwanzo, ukadhani ugonjwa si huo na kumbe ulikuwa huo huo. Bonyeza kwa kidole gumba kabla ya kulipa.

Kuna kitu cha kufunga pia ambacho yule mzee alinionyesha na sijaona wengi wakifanya. Akishaweka mauntini mpya hakazi bolti zote hapo hapo. Anazikaza nusu, anawasha injini iunguruke N kidogo ijitafutie mahali pake, anazima, ndio anakaza za mwisho. Ukikaza injini ikiwa bado juu ya jeki imeinuliwa upande mmoja, ule mpira mpya unakaa umejipinda toka siku ya kwanza na mtetemo utabaki. Mtu ashabadilisha mauntini zote na bado analia, mwambie aanze kwa kulegeza na kukaza upya, ni dakika chache na haina gharama.

Inatikisika, D na N ni sawa tu

Hapa injini yenyewe ndio inamisi, yaani kuna silinda haiwaki zamu yake. Ukiwa na bahati taa ya cheki injini imewaka, na hapo usikubali kubadilishiwa kitu kabla ya kusomewa kodi (nambari za kosa ambazo kompyuta ya gari imeweka) na skena, hata hizi ndogo za kuunganisha na simu zinatosha. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo mpaka P0304. Silinda ya kwanza kwa 1NZ ni ile iko upande wa fanibelti. P0300 ni kumisi kusikokuwa na mahali maalum, huku leo kesho kule, na hiyo mara nyingi ni jambo linalogusa silinda zote kama petroli ama hewa.

Sasa ukipata mfano P0302, usinunue koili bado. Zima gari, toa koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, ya tatu uilete ya pili, futa kodi, endesha kidogo. Kodi ikihamia P0303 basi koili ndio mgonjwa, nunua moja. Ikibaki P0302, koili haina makosa, fanya mchezo ule ule na plagi. Ikikataa kuhama tena, ndio sasa uende kwa nozeli. Kazi ya spana ya 10 na ile ya plagi tu, nusu saa, na inakuokoa kununua koili nne.

Kama huna skena na taa haijawaka, zima gari, chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza sekunde chache tu, zima, irudishe, enda kwa inayofuata. Silinda nzima ukiichomoa gari itazidi kutikisika. Ukichomoa moja na gari haijali, iko vile vile, basi ndio hiyo ilikuwa hailipi kodi ya nyumba. Usiache ikiunguruma muda mrefu hivyo, petroli isiyowaka inaenda kwa ekzosi.

Ukitoa koili angalia kile kishimo cha plagi. Kikiwa na oili, ile gasketi ya kava ya juu na mipira yake ya kuzunguka vishimo imekauka, na umeme unatorokea kwa oili badala ya kuruka kwa plagi. Ukiweka plagi mpya juu ya hiyo oili utafurahi wiki moja. Kikiwa na maji, uliosha injini. Na hapa nataka kusema na watu wa Mombasa wenzangu kwa dhati kabisa: maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, na kule kwa kuosha gari wanapiga injini na presha ya maji hayo hayo. Chumvi inaingia kwa soketi za koili, inakauka, na baada ya miezi unafungua soketi unaona ukungu wa kijani kwa pini. Hapo ndipo kuna kumisi kwa ajabu ajabu, asubuhi yenye unyevu inamisi, mchana jua likiwaka inapona, fundi anapoijaribu saa saba iko sawa anakuona wewe muongo. Toa soketi, safisha pini na klina ya umeme na mswaki laini, kausha kabisa, rudisha. Injini ifutwe na kitambaa, isipigwe presha.

Plagi nazo, angalia nafasi pale mdomoni, kwa 1NZ ni milimita 1.1, na zile za iridiamu usizichokoe na chuma kurekebisha, ile ncha yake ni nyembamba inavunjika. Feki ni nyingi sokoni. Iridiamu ya ukweli yatakiwa ifike karibu kilomita 100,000, ikifa kwa 10,000 ujue uliuziwa sanduku zuri tu.

Ukifika hapa koili nzima, plagi nzima, nozeli imehamishwa na ugonjwa umebaki silinda ile ile, pima kompreshen, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda. Kinachotafutwa zaidi ni zikaribiane, tatu zikisoma psi 180 na moja 110 basi kuna valvu haifungi, ringi zimechoka ama gasketi ya hedi imeenda. Kama gari ilishawahi kuchemka, na hapa Mombasa watu wengi wanatia maji ya mfereji matupu kwa rejeta kisha wanapanda nayo Mazeras na mzigo, anza kufikiria gasketi ya hedi mapema. Dalili yake inayonikaa kichwani ni gari inayotikisika dakika ya kwanza tu asubuhi na moshi mweupe alafu inatulia, na maji ya rejeta yanapungua na hujui yanakwenda wapi. Yanakwenda kwa silinda, usiku gari ikiwa imelala.

Na taa ya cheki injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu imetulia, hiyo ni amri ya kusimama. Inamaanisha inamisi kiasi cha kuchoma katalitiki, kile kichujio cha moshi kwa ekzosi, petroli mbichi inaenda kuwakia mle ndani. Hata kama uko juu ya daraja la Nyali saa kumi na moja jioni na watu wanakupigia honi, washa hazadi, sogea kando taratibu, zima.

Inapumua, ama inashuka mpaka inataka kuzima

Hii ni hewa, karibu kila mara. Gari ikiwa imesimama hewa ambayo injini inahitaji ni kidogo mno, kwahivyo hata katundu kadogo ka kuibia hewa kanaharibu mahesabu yote, lakini ukikanyaga mafuta hewa inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Ndio maana ukienda 1500 inaacha. Skena ikisoma P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko inavyofaa kwa petroli iliyopo, uko njia hii.

Anza na throto. Ile sahani ndani yake inashika masizi pembeni, na ukiwasha AC kompyuta inajaribu kuongeza hewa ili ibebe mzigo wa kompresa inashindwa, mshale unashuka 500 na gari inatetemeka. Pulizia kabuklina (dawa ya kopo ya kusafisha kabureta) kwa kitambaa na ufute, usimwagie ndani moja kwa moja, na hizi za umeme usiisukume ile sahani na kidole swichi ikiwa on. Baada ya kusafisha usishtuke mshale ukikaa juu, kompyuta bado inakumbuka uchafu. Iache iunguruke kama dakika 10 bila AC, alafu 10 zingine na AC, nyingi zinajifunza zenyewe. Isipojifunza, skena ya kufaa inaiweka sawa.

Kisha mipira. Ile myembamba ya vakyumu (ya kufyonza hewa) inayoshika manifoldi, yale mabomba ya hewa ya kuingia injini, inapasuka mwisho mwisho pale inapobanwa, na joto la huku linaifanya kama biskuti. Sikiliza sss ya hewa. Watu wanapulizia kabuklina kutafuta tundu na mimi sipendi, injini ya moto na kitu kinachowaka haraka hivyo karibu na ekzosi, nimeona moto mdogo kwa macho yangu. Tumia chupa ya kupuliza maji, kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na kando ya gasketi ya manifoldi, mbali na koili na soketi. Ukigusa tundu mlio unabadilika papo hapo. Usisahau ule mpira mnene wa kwenda kwa busta ya breki, ukikanyaga breki na mlio wa injini ukabadilika kabisa, anzia hapo. Na valvu ya PCV, ile inayorudisha moshi wa ndani ya injini kwa manifoldi, itoe uitikise karibu na sikio, ilie kacha kacha. Ikiwa bubu imeshikana na uchafu, mpya si ghali.

Sensa ya hewa baada ya filta inasafishwa na klina yake yenyewe tu, bila kitambaa, bila kidole, bila presha ya kompresa. Ule waya ndani ni mwembamba kama unywele.

Yanayodanganya

Kuna mitetemo ambayo injini haihusiki. Feni ya rejeta iliyovunjika bawa moja inatetemesha gari ikiwaka na kuacha ikizima, na ukiwa na AC inawaka kila saa kwahivyo unaweza kudhani ni kompresa. Ekzosi iliyoliwa na kutu inagusa bodi, na sisi wa pwani vile vibeba ekzosi vinaliwa mapema na hii hewa ya chumvi. Ingia chini gari ikiwa imezimwa na imepoa, itikise na mkono uone inagonga wapi. Waya wa athi pia, ule unaotoka negativu ya betri kwenda kwa bodi na kwa giaboksi, fungua bolti yake, kwaruza kutu mpaka uone chuma kinang'aa, paka grisi kidogo juu ukishakaza. Athi mbovu inafanya vitu ambavyo havina jina, taa zinafifia, mshale unacheza, koili zinapata umeme pungufu.

Na kama yako ni Vitz ya 1.0, ile ya silinda tatu, fanya hesabu yetu tena: miwako mara moja na nusu kwa mzunguko, kama 17 kwa sekunde badala ya 23, na silinda tatu hazilingani vizuri kama nne. Itatetemeka zaidi hata ikiwa nzima. Jirani yangu alishatumia pesa nyingi kwa mauntini akitaka inyamaze kama Premio, mwisho tukaenda tukakaa ndani ya Vitz ya mtu mwingine, injini ile ile, D, AC on. Ikawa inatetemeka vile vile tu. Akatabasamu, tukarudi nyumbani, na mpaka leo anaiendesha hivyo.